Printa Haijafa, Mtandao wa Nyumbani Ndio Hauna Mwenyewe

Jumatano ya tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, Uganda nzima ilikatiwa intaneti. Ilirudi Jumatatu ya tarehe 18. Siku hizo Kampala iliishi kwa redio, simu za kupiga na kuulizana habari mlangoni. Lakini kitu kimoja hakikukatwa, nacho ni waifai ya nyumbani. Penye umeme, ruta ziliendelea kuwaka taa na kuvipa vifaa vya ndani njia ya kuonana. Printa iliyokaa juu ya kabati la sebuleni, kama iliunganishwa sawasawa, iliweza kupokea kazi kutoka laptopu ya chumbani kama siku nyingine yoyote, maana waraka unaotoka chumbani kwenda sebuleni hauna haja ya kuomba ruhusa nje ya ukuta.

Siku zile zilitenganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida tunavichanganya. Kuna intaneti, tunayoinunua kwa kampuni. Kuna mtandao wa nyumbani, ambao ni wetu. Intaneti ina mwenyewe, na ikikatika tunajua wa kumpigia simu na kumfokea. Mtandao wa nyumbani, ule unaounganisha simu ya mama, laptopu ya mtoto, televisheni na printa, hauna mwenyewe. Kampuni ya intaneti inahesabu kwamba kazi yake imeishia kwenye ruta. Muuza printa anahesabu kwamba yake iliisha alipokata risiti. Fundi huja, hubonyeza, hulipwa, huenda zake. Kati ya hao wote pamebaki shamba lisilo na mwenye jembe, na magugu yanayoota hapo tunayaita "printa mbovu".

Hoja yangu ni hii: printa ya pamoja inapokataa kuchapa katika nyumba ya Kampala, mara nyingi printa haina kosa. Kosa linatokana na namna tunavyoishi mjini hapa, yaani umeme wetu, kodi zetu, kampuni zetu mbili mbili za data na mafundi wetu wa kupita. Halitapona kwa kununua printa nyingine. Litapona siku mtandao wa ndani utakapopata mwenyewe.

Kuna atakayeuliza printa ya nyumbani ni ya nini katika mji wenye Nasser Road. Ni swali la haki. Barabara hiyo na jirani yake Nkrumah Road ni kitovu cha uchapaji cha nchi: kalenda, kadi za harusi, mabango ya siasa yenye nyuso za marais na majenerali wa dunia. Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, steshenari zimechapa na kujalidi tasnifu za vizazi vya wanafunzi. Kwa mtu anayehitaji kurasa chache kwa mwezi, kuvuka barabara kwenda steshenari ni nafuu kuliko kumiliki mashine, na sitamshauri vingine.

Ila mambo mawili yalibadili hesabu. La kwanza ni shule. Zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu kila nchi duniani. Masomo yalikuja kwa redio, kwa kurasa za magazeti, na kwa mafaili ya WhatsApp kutoka kwa walimu. Faili la mazoezi ya hesabu lililobaki ndani ya simu halimsaidii mtoto wa darasa la tatu. Anataka karatasi na penseli. Nyumba zilizomudu zikaanza kuihesabu printa miongoni mwa vifaa vya shule, na shule zilipofunguliwa printa zikabaki, zikingoja kazi za likizo.

La pili ni siri. Kuchapa hati ya ardhi, nakala ya pasipoti au majibu ya hospitali steshenari maana yake ni kulituma faili kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na kuliacha huko. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini sijaona mteja aliyesimama mbele ya kaunta akadai faili lake lifutwe huku foleni ikimsukuma mgongoni. Na Nasser Road, pamoja na kalenda zake nzuri, ina sifa nyingine inayojulikana mji mzima: vyeti bandia. Mtu mwenye hati ya kiwanja Kyanja ana sababu ya kutaka kuichapa nyumbani kwake, mlango umefungwa.

Tena karatasi haijatutoka. Serikali imehamia mtandaoni kwa haraka. Kodi unaisajili kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, URA, na kupewa namba ya malipo. Hata hivyo, ukifika dirishani penye mtumishi aliyechoka, bado utaulizwa karatasi. Mwenyekiti wa mtaa, yule wa LC1, anaandika barua ya kukutambulisha kwa karatasi na kuigonga muhuri. Shule inataka fomu. Benki inataka nakala. Kwa hiyo printa imeingia nyumbani, na kwa kuwa ni moja na watu ni wengi, lazima itumiwe kwa pamoja.

Hilo nalo si geni. Mtandao wa ndani, huu huu tulio nao, ulibuniwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya kushirikiana printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, mhandisi Gary Starkweather aliunda printa ya leza iliyoweza kutoa ukurasa kwa sekunde moja. Ilikuwa ghali mno kumpa kila mtafiti yake. Tarehe 22 Mei 1973 mwenzake Bob Metcalfe aliandika waraka uliopendekeza njia ya kuziunganisha kompyuta za kituo kwa waya mmoja, ziongee zenyewe kwa zenyewe na ziifikie printa ile. Njia hiyo ilipewa jina Ethernet, na matundu yaliyo nyuma ya ruta ya nyumbani kwako leo ni wajukuu wake. Yaani watu wenye mashine moja walikuwepo kwanza, mtandao ukaja kuwahudumia. Intaneti ya kila mtu ilifuata baadaye sana.

Sasa tuje Kampala tuone mambo yanavyokwenda kombo.

Kila kifaa kinachoingia kwenye waifai hupewa anwani na ruta, namba kama 192.168.1.5. Fikiria mwenye nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja, zile ziitwazo muzigo, ambaye hana mkataba na mpangaji yeyote: anayefika kwanza anapewa ufunguo wa chumba cha kwanza kilicho wazi. Umeme ukikatika, wapangaji wote hutoka. Ukirudi, hukimbilia mlangoni. Simu, ambayo haikuzimika, hufika kwanza. Printa, ambayo huamka polepole ikijisafisha vichwa vyake vya wino, hufika mwisho na kukuta chumba namba 5 kimeshachukuliwa, ikapewa namba 9. Laptopu haikuambiwa. Inaendelea kugonga namba 5, haijibiwi na anayemtafuta, na inaandika kwenye kioo kwamba printa iko nje ya mtandao. Printa iko palepale kabatini, nzima, imewaka taa ya kijani.

Si kila ruta husahau namna hii, ila zile za bei nafuu nyingi huiweka orodha ya anwani kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukizimika. Na umeme wetu hauzimiki mara moja kwa mwaka. Tarehe 1 Aprili 2025 shirika la serikali UEDCL lilichukua usambazaji kutoka kwa kampuni ya Umeme, baada ya mkataba wa miaka 20 kwisha. Nguzo zimebadili mwenyewe, lakini mitaa bado inajua giza. Hapo hatujahesabu mita za Yaka, zile za kulipia kabla, zinazoishiwa yuniti usiku wa manane. Kila mara taa zinaporudi, mgawo wa anwani unaweza kuanza upya.

Dawa yake haihitaji shilingi hata moja. Katika kurasa za mipangilio ya ruta kuna mahali pa kuitengea printa anwani yake ya kudumu, ili wengine wote wagombanie namba zilizobaki. Ukishaitenga, nenda kwenye laptopu uiongeze printa upya kwa kuandika anwani hiyo, badala ya kuiachia kompyuta iitafute kwa jina. Nyumba iliyofanya mambo hayo mawili imemaliza sehemu kubwa ya ugomvi wake na printa. Kikwazo ni kwamba ili uzifikie kurasa hizo unahitaji nenosiri la msimamizi wa ruta, na hapo ndipo wengi hukwama. Nitalirudia jambo hilo.

Tatizo la pili ni letu Waganda kwa namna ya pekee, na sijalisikia likisemwa na fundi yeyote. Ni VPN. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine kama hiyo. Watu hawakulalamika tu, walipakua VPN, programu zinazoficha safari za simu ili kampuni ya simu isijue unaelekea wapi. Kodi ile iliondolewa Julai 2021 na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando za data. Lakini Facebook ilikuwa imeshafungwa tangu Januari mwaka huo, kwa hiyo VPN hazikuondoka kwenye simu. Kwa wengi huwashwa asubuhi na kusahaulika.

Programu hizi hufanya kazi kwa kuchukua kila kinachotoka kwenye simu na kukipitisha kwenye handaki linaloishia ng'ambo. Nyingi zao hukata hata yale mazungumzo ya ndani ya nyumba. Simu iliyo hatua tatu kutoka kwenye printa inabonyezwa "chapa", nayo inaitafuta printa ya hapa hapa Ntinda, Kampala, kupitia Uholanzi. Haiipati, bila shaka. Mama anazima printa, anaiwasha, anabadilisha karatasi, anamwita mtoto. Zima VPN, chapa, kisha uiwashe tena. Au tafuta ndani ya mipangilio yake kipengele kinachoruhusu vifaa vya mtandao wa ndani. Ni kazi ya nusu dakika kwa anayejua. Kwa asiyejua, sera ya kodi ya mwaka 2018 inaendelea kumkwamishia karatasi sebuleni mwake, na hatawahi kuvihusisha vitu hivyo viwili.

Tatizo la tatu ni nyumba yenye mitandao miwili. Mwaka 2013 Google ilitangaza kwamba inalaza nyaya za faiba jijini Kampala, ikizikodisha kwa kampuni za intaneti. Mradi huo baadaye ukawa kampuni ya CSquared. Faiba ikaanza kufika mitaa ya makazi. Lakini mkazi wa Kampala haweki imani yake yote kwenye waya mmoja. Kando ya ruta ya faiba utakuta kiruta kidogo cha laini ya simu, cha akiba. Faiba ikikatika, simu zinahamia kwenye kiruta, na mara nyingi hubaki huko hata faiba ikirudi. Printa, isiyo na akili ya kuhamahama, imebaki kwenye mtandao wa kwanza.

Kuligundua hili ni rahisi. Angalia anwani ya simu na anwani ya printa, ulinganishe mafungu matatu ya kwanza ya tarakimu. Kama simu ina 192.168.8 na printa ina 192.168.1, viko katika mitaa miwili isiyo na njia kati yake, ingawa viko kwenye meza moja. Ikiwa anwani ya printa inaanza na 169.254, basi iliomba anwani, haikujibiwa, ikajitungia yake. Hapo shughulika na ruta au na nenosiri la waifai, ambalo pengine kijana wa nyumba alilibadilisha ili kuwafukuza majirani. Na kuna nyumba ambazo mtu mwenye nia njema alichukua waya akaziunganisha ruta zote mbili, kila moja ikaendelea kugawa anwani kwa utaratibu wake. Wahenga walikwisha sema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ruta moja igawe, ya pili inyamazishwe.

Yapo mambo madogo ninayoyataja kwa haraka. Printa nyingi za bei ya kawaida husikia waifai ya masafa ya GHz 2.4 tu, hazisikii ile ya GHz 5. Mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane, kwa hiyo usiiweke printa huko. Baadhi ya ruta za laini huja zikiwa na zuio la namna hiyo hata kwenye mtandao wa kawaida, na lazima liondolewe.

Wapo pia wenye printa ya waya, iliyochomekwa kwenye kompyuta moja ambayo wengine huiomba ruhusa. Mpangilio huo ni dhaifu kuliko yote. Kompyuta ile ikilala, printa nayo imelala kwa nyumba nzima. Windows ikiuona mtandao wako kuwa wa hadharani badala ya wa faragha, inaificha printa. Tena katikati ya mwaka 2021 liligunduliwa tundu kubwa la usalama katika sehemu ya Windows inayoshughulikia uchapaji, likapewa jina PrintNightmare. Microsoft ilipokuwa ikiliziba, masasisho ya Septemba mwaka huo yaliwaacha watu wengi duniani wakikataliwa na printa zao za pamoja, kioo kikionyesha namba 0x0000011b. Katika mji ambao laptopu nyingi zimenunuliwa zikiwa zimetumika, kila moja ina toleo lake la Windows na sasisho la mwaka wake, na si ajabu zisielewane. Kama printa yako ina waifai au tundu la waya wa mtandao, iunganishe moja kwa moja kwenye ruta, uitue kompyuta mzigo huo.

Utaona kwamba sikutaja hata mara moja kufungua printa kwa bisibisi. Uchunguzi mzuri unatoka kwenye mashine kuelekea nje. Kwanza ichapishe ukurasa wake wa taarifa kwa vitufe vyake yenyewe. Ikitoa, wino, karatasi na mota ni salama, na ukurasa huohuo utakuonyesha anwani. Pili, andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu au laptopu. Ukifunguka ukurasa wa printa, njia ni nzima na kosa liko ndani ya kompyuta: foleni iliyokwama kwa kazi ya wiki iliyopita, au printa ya zamani iliyobaki kwenye orodha kwa anwani iliyokufa. Usipofunguka, kosa liko njiani: VPN, mtandao wa pili, mtandao wa wageni. Hatua hizo mbili zinatosha kujua uende upande gani, na hazihitaji cheti cha uhandisi.

Kwa nini basi hatuzijui? Kwa sababu kutojua kwetu kuna wanaokula humo. Fundi anayesema "Nnyabo, hii imekufa, heri ununue nyingine" pengine hana hila, ila pia hana faida yoyote katika kukufundisha kutenga anwani. Na watengenezaji wakubwa nao wameona kwamba mteja asiyetofautisha intaneti na mtandao wake wa ndani ni rahisi kufungwa kamba. HP ilipoanzisha mpango wake wa HP+ mwaka 2020, masharti yake yalikuwa printa iunganishwe na intaneti, mteja awe na akaunti, na wino uwe wa kampuni hiyo pekee. Mkazi wa Kampala ajiulize: mashine yenye masharti hayo ingemfaa nini siku intaneti ilipokatwa?

Google nayo ilikuwa na huduma iliyopeleka kazi za uchapaji hadi kwenye mitambo yake ya mbali kisha kuzirudisha kwenye printa yako. Iliifunga tarehe 31 Desemba 2020, kwa uamuzi wake, karibu wiki mbili kabla ya serikali yetu kuzima intaneti kwa uamuzi wake. Hawakuwa na shauri moja, ila funzo kwa mwenye nyumba ni lilelile: njia ya kwenda kwenye printa yako isipite mikononi mwa mtu anayeweza kuifunga bila kukuuliza.

Kuna aliyeliona hilo mapema. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Richard Stallman alikasirishwa na printa ya pamoja. Kwenye printa ya zamani alikuwa ameirekebisha programu ili iwajulishe watumiaji karatasi inapokwama. Ilipokuja mpya kutoka Xerox, alinyimwa msimbo wa programu yake. Aliyekuwa nao alikuwa ameahidi kutoutoa. Stallman amesimulia mara nyingi kwamba kisa hicho kilimsukuma kwenye njia iliyomfikisha mwaka 1983 kutangaza mradi wa GNU, chimbuko la harakati za programu huru. Ugomvi wa printa, ukiuchimba, huishia kwenye swali la nani mwenye mamlaka.

Najua hoja ya upande wa pili. Watu wana kazi na watoto, hawawezi kuwa mafundi wa mtandao. Waiachie kampuni iendeshe kila kitu kutoka mbali, yaishe. Ningekubali kama kuiachia kampuni kungetuletea usalama na unafuu. Lakini mwishoni mwa mwaka 2018 mtu mmoja aliziamuru printa zipatazo 50,000 duniani zichape tangazo la kumshabikia mwanayutyubu PewDiePie, kwa sababu tu zilikuwa zimeachwa wazi zikionekana kutoka intaneti. Printa inayofikika kutoka kila mahali inafikika na kila mtu. Iliyofungwa ndani ya mtandao wa nyumbani, nyuma ya ruta yenye nenosiri zuri, inawahudumia wenyeji tu. Hapa usalama na uhuru havigombani.

Basi nani awe mwenyewe? Katika nyumba, mmoja ateuliwe kwa jina. Mara nyingi atakuwa kijana wa sekondari, na si vibaya. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unasisitiza miradi ya vitendo, na sioni mradi wenye manufaa kuliko mwanafunzi kuchora ramani ya mtandao wa kwao: kipi kina anwani gani, kipi kinategemea kipi. Ramani hiyo ibandikwe ubavuni mwa printa pamoja na anwani iliyotengwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na nenosiri lililo kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye akienda bweni.

Kwa kampuni za intaneti, ombi langu ni dogo na halina gharama. Mteja apewe nenosiri la msimamizi wa ruta siku ileile inapofungwa, limeandikwa kwenye karatasi, na kurasa za kutenga anwani zisifungiwe. Ruta inayokodishwa nayo imo ndani ya nyumba yake, inaamua kipi kinaonana na kipi chini ya paa lake. Tume ya mawasiliano, UCC, ambayo ina kanuni nyingi kuhusu tunachokifikia nje, ingefanya jambo la maana kuandika moja inayolinda tunachounganisha ndani.

Hatuhitaji kuingoja. Fundi wa faiba akimaliza kupigilia waya wako ukutani, atakupa fomu uweke saini kwamba kazi imekamilika. Kabla ya kushika kalamu, mwombe akuonyeshe jinsi ya kuingia kwenye ruta, akuachie nenosiri lake, na aitenge anwani ya printa mbele ya macho yako. Akisema haruhusiwi, kazi haijakamilika, na fomu yake arudi nayo ofisini bila saini.